Kutoka Hazina ya Fedha hadi Hazina ya Nyaraka



Tumeombwa kusema machache juu ya jengo ambalo wengi wetu tumelipita tukielekea madukani: Makao ya Nyaraka za Taifa, baina ya barabara za Moi na Tom Mboya, Nairobi. Kabla ya kutunza nyaraka, jengo hilo lilitunza fedha.

National Bank of India ilianzishwa Calcutta mwaka 1863 kwa jina jingine, kisha ikahamishia makao yake London. Ilifungua tawi Mombasa mwaka 1896, ujenzi wa reli ulipoanza, na Nairobi mwaka 1904. Siku hizo fedha ya nchi ilikuwa rupia. Wenye maduka wa Indian Bazaar, ambayo leo ni Mtaa wa Biashara, walihitaji mahali salama pa kuweka mauzo na njia ya kulipia bidhaa za ng'ambo. Hata neno hundi lilivuka bahari kutoka Bara Hindi: karatasi ya mfanyabiashara mmoja, iliyolipwa na mwenzake wa mbali kwa kuaminiana.

Benki za zamani zilijengwa kwa makusudi ziaminiwe. Ndiyo maana ya mawe yale, nguzo zile ndefu za mtindo wa kale wa Ulaya, na ule ukumbi mpana. Mtu aliyekabidhi akiba ya miaka mingi kwa wasio jamaa zake alitaka kuona nyumba isiyoweza kuhama usiku.

Mwaka 1958 benki iliungana na Grindlays. Mwaka 1970 Serikali ya Kenya ilichukua asilimia 60 ya hisa, ikazaliwa Kenya Commercial Bank. Baadaye jengo likakabidhiwa Idara ya Nyaraka, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1965. Ukumbini sasa yamo makusanyo ya sanaa ya Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa mwaka 1966, ambaye baba yake alikuwa Mgoa, mama yake Mmaasai, naye akasomea India.

Majengo mengi ya rika lake yamebomolewa. Hili limesalia kwa sababu lilipewa kazi mpya. Je, chopda za babu zetu tumezipa kazi gani? Zimo masandukuni, mchwa wakizisoma kabla ya wajukuu, na wanaojua Kigujarati cha mkono wa zamani wanapungua kila mwaka.

Tunapendekeza kila nyumba itoe daftari moja. Mzee asome, kijana aandike kwa Kiswahili majina, bidhaa na tarehe, kisha nakala ipelekwe katika jengo lile lile. Babu zetu walipeleka humo rupia zao. Sisi tupeleke habari zao.