Kumfundisha Mwanafunzi Kazi ya Mfinyanzi



Katika sikukuu hii ya jubilei tumepewa nafasi ya kusema, nasi tumechagua kusema habari za chungu. Msicheke. Habari ya Yeremia kushuka nyumbani kwa mfinyanzi sote tumeisikia ikihubiriwa, lakini mwanafunzi akituuliza, "Mwalimu, chungu hufanywaje?" twamwandikia ubaoni maneno matatu: udongo, maji, moto. Naye huyanakili, hupata alama zake, na kazi yenyewe haijui.

Yatupasa tumpeleke kwa mfinyanzi. Mahali pengi pa nchi zetu mfinyanzi ni mwanamke. Pale Ikombe, karibu na Matema, kaskazini ya Ziwa Nyasa, akina mama wa Kikisi ndio mafundi mashuhuri, na vyungu vyao huchukuliwa kwa mitumbwi kwenda kuuzwa. Mama wa namna hiyo pengine hakusoma kitabu hata kimoja. Basi mwalimu apige hodi kama mgeni, amwamkie shikamoo, kisha anyamaze. Na hilo la kunyamaza waalimu wengi hawaliwezi. Tena amlipe fedha siku ile ile. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni. Si lazima sisi tumwongezee umaskini.

Mwanafunzi aanze na udongo. Afanye kamba nyembamba kama kidole, aikunje. Ikikatika upesi, mchanga umezidi. Ukiwa laini na wa kunata mno, nao haufai peke yake, maana utapasuka katika kukauka. Ndipo huchanganywa na mchanga, au na vigae vilivyopondwa. Tazameni, chungu kilichovunjika jana chaingia katika chungu cha kesho! Kisha hukandwa sana, hewa itoke. Namna ya kuinua ubavu, na kuuparuza kwa gunzi au kipande cha kibuyu, mtoto ataiona kwa macho yake. Hatuna haja ya kukawia hapo.

Yasiyoonekana ndiyo kazi ya mwalimu. Achore mstari wa sentimita 10 juu ya kibao cha udongo mbichi, akianike kivulini, aupime tena. Huenda ukapungua nusu sentimita au zaidi, kwa kuwa maji yametoka na chembe zimesogeleana. Ndiyo sababu chungu kinene huku na chembamba kule hupata ufa: upande mmoja hutangulia kukauka, huuvuta mwenziwe.

Maji yaliyobaki ndani, moto ukifika digrii 100, hugeuka mvuke; na mvuke ukikosa njia hukirarua chungu. Kwa hiyo mfinyanzi hukipasha moto polepole kwanza. Tena yako maji mengine, yaliyofungamana na udongo wenyewe, ambayo jua haliwezi kuyatoa. Hayo hutoka motoni, kati ya digrii 450 na 600 hivi, na toka hapo udongo haurudi kuwa tope. Mwanafunzi atie majini kipande kikavu kisichochomwa, na kigae katika maji mengine, avitazame hata jioni. Jaribio hilo halina gharama yo yote.

Moto wa wazi, wa kuni na majani, hufika digrii 600 hata 900. Vikombe vya kaure hutaka tanuru ya digrii 1,250 na zaidi. Lakini mtoto asiambiwe kwamba mtungi ni kaure iliyoshindwa. Mtungi hutoa jasho kwa vitundu vyake, jasho hukauka nje na kuchukua joto, na maji ya ndani hupoa. Kaure haiwezi kazi hiyo.

Sasa neno lililotufanya tusimame hapa. Chungu cha kwanza cha mtoto aghalabu hupasuka, wenzake humcheka, na vigae hutupwa jalalani. Twawasihi, msivitupe. Ganda lililobanduka ubavuni hueleza habari ya mvuke. Ufa ulioanzia ukingoni hueleza ukaukaji wa haraka. Mama mfinyanzi huvisoma kama sisi tusomavyo barua, naye yupo leo. Binti zake wengi wamekwenda mjini, na sokoni ndoo za plastiki zimejaa.

Wakati ufaao ni kiangazi, kuni zikiwa kavu. Vibao vitatu vyenye mistari tumeviweka mezani karibu na mlango, pamoja na vigae vya watoto. Waalimu wavishike na kuvipima kabla ya kwenda kula.