KUTU, BOMBA LA GESI LA SOMANGA NA TAA ZETU



Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza jinsi wataalamu wanavyochunguza kutu katika mabomba ya gesi, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi wakaazi wa Visiwani.

Gesi asilia iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974. Tangu mwaka 2004 hupita katika bomba chini ya bahari, kiasi cha kilomita 25, ikafika nchi kavu Somanga, kisha ikasafiri zaidi ya kilomita 200 hadi Dar es Salaam, ambako huzalisha umeme. Unguja nayo hupokea umeme wa Bara kwa waya uliolazwa baharini mwaka 1980, na waya wa pili ulioanza kazi mwaka 2013. Kwa hivyo Somanga, ijapokuwa iko mbali, ina sehemu yake katika taa zetu.

Adui mkubwa wa bomba ni maji. Gesi itokayo kisimani huwa na mvuke; maji yakikutana na hewa ya ukaa hufanya tindikali dhaifu inayokula chuma. Ndiyo maana gesi hukaushwa kisiwani kabla ya kuvushwa. Njia iliyozoeleka katika kazi hiyo ni kuipitisha katika glikoli, kimiminika kinachonyonya maji. Kisha glikoli huchemshwa kwa joto la karibu nyuzi 200, maji yakatoka, nayo ikatumika tena. Bomba jipya, baada ya kujaribiwa kwa maji, laweza kukaushwa kwa pampu zinazofyonza hewa iliyomo. Shinikizo likishuka hadi kiasi cha sehemu moja ya 24 ya lile la kawaida, maji huchemka kwa nyuzi 30 tu, yaani joto la mchana wa kwetu.

Hata hivyo kutu ikitokea, haifai kukisia, kwani rangi yake haisemi chanzo chake. Kipande kidogo hupelekwa maabara. Kwanza huwekwa kwenye mizani ndani ya tanuri, joto likapandishwa pole pole: maji hutoka mapema, kaboneti huvunjika baadaye, na uzito uliopungua hueleza kilichokuwamo. Pili, uso wake huchunguzwa kwa hadubini ya elektroni. Kazi hii hufanywa katika ombwe, kwa sababu hewa ingezitawanya elektroni njiani. Eksirei zinazotoka hutaja elementi zilizopo. Klorini nyingi kwa kawaida huashiria chumvi ya bahari iliyopenya kutoka nje. Kaboneti huashiria hewa ya ukaa na ukaushaji usiotosha. Ugonjwa wa kwanza hutibiwa kwa kulifunika bomba upya, wa pili kwa kurekebisha mtambo. Anayekosea chanzo hutumia fedha nyingi, na chuma huendelea kuliwa.

Ndugu wananchi, maabara hueleza kilichokwisha kuharibika. Kuzuia uharibifu ni kazi yetu sote. Bomba limevikwa ganda, na pigo moja la jembe laweza kulifungulia kutu mlango. Hapana budi anayeishi kando ya mkuza wa bomba asichimbe wala asichome moto humo, na atoe habari mapema aonapo pamefukuliwa. Nasi wavuvi wa Visiwani tusitie nanga penye alama za nyaya za umeme. Usipoziba ufa utajenga ukuta.