Shokapu Hubadilishwa kwa Pea

Msikilizaji, gari likidunda kwenye tuta, wengi wetu tunalaumu barabara. Ni kweli rasta za mjini zinatikisa hata gari jipya. Lakini gari likishavuka tuta na bado likaendelea kupanda na kushuka, barabara haina kosa tena. Shokapu zimekufa.

Uzito wa gari unabebwa na springi. Springi ikibanwa huruka, na ikiachwa yenyewe hurukaruka bila kutulia. Ndani ya shokapu mna oili na pistoni yenye matundu madogo. Oili ikilazimishwa kupita humo, nguvu ya ule mruko inageuka joto na gari linatulia. Sili ikichakaa, oili huvuja, na springi inakosa wa kuizuia.

Madhara yake hayaishii kwenye maumivu ya mgongo. Ukikanyaga breki, kinacholisimamisha gari ni tairi iliyoshika lami, na tairi inayodunda haishiki sawasawa. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gari linakata karibu mita 14 kila sekunde. Mita chache tu zikiongezeka kabla gari halijasimama, aliyekuwa anavuka barabara amegongwa.

Kagua mwenyewe. Pitisha kiganja juu ya tairi: ukihisi mabonde na vilima, imeliwa kwa kudunda. Chungulia shokapu: ikiwa na oili iliyoshikana na vumbi hadi ikawa tope jeusi, imevuja. Kandamiza kona ya gari kwa nguvu kisha uachie: inuke mara moja, itulie.

Wenye magari kama IST na Noah wengi hukimbilia spesa, au mipira kwenye springi. Gari litanyanyuka, sikatai, ila spesa haina oili wala pistoni, na mdundo utabaki palepale. Wengine hununua shokapu zilizotumika bila kujua zimetembea kilomita ngapi. Wengine hubadilisha ile moja inayovuja. Hilo nalo ni kosa: upande mmoja ukiwa mgumu na mwingine mlegevu, gari linayumba kwenye kona. Badilisha pea, kulia na kushoto, na mauntingi zinazoshikilia shokapu kwa juu, kama zimechoka, zitoke siku hiyohiyo.

Kwenye IST, shokapu ya mbele imefungwa pamoja na springi iliyobanwa. Nati ya juu ikifunguliwa kabla springi haijashikwa kwa kifaa chake, inaweza kufyatuka na kumuua fundi. Kwa hiyo usimharakishe, na usikubali springi ifungwe kwa kamba. Kazi ikiisha, peleka gari alaimenti, la sivyo tairi zitaliwa upande.

Najua pea mbili, ya mbele na ya nyuma, kwa mpigo ni mzigo mfukoni. Anza na pea iliyo hoi zaidi, nyingine ifuate mwezi ujao. Na ninyi wamiliki wa daladala na Noah za abiria, sikilizeni: abiria analipa nauli na kupanda, hana nafasi ya kuinama kuchungulia chini ya gari. Mkagulieni ninyi, kabla gari halijatoka kituoni.