Hesabuni Pumzi Kwanza



Ninyi mtakaosomea udaktari na uuguzi, KCMC, Muhimbili au kwingineko, mtatahiniwa pia mbele ya mgonjwa, si kwa karatasi tu. Jizoezeni wawili wawili. Mmoja awe mama kutoka tambarare za Maore: "Mwanangu wa miezi minane ana homa na kikohozi." Mwenzake asikimbilie kutaja dawa. Amsalimu, amwulize, amfunue mtoto kifua, ahesabu pumzi dakika nzima. Zikifika 50 au zaidi, ashuku nimonia. Malaria nayo aipime. Mtahini hutoa maksi kwa kila hatua. Nasi wa Upare tunajua: kutoka milimani hadi Moshi ni mbali kwa mtoto anayehema.