Mkaa wa Mifupa Ukishachoka: Mitambo ya Kuufufua na Maji ya Kalamba

Mada kwa semina ya kamati za maji, Kalamba



Nimeombwa nizungumzie mitambo ya kufufua mkaa wa mifupa uliokwisha kutumika kuchuja floraidi kwenye maji. Najua wengi mmekuja mkitaraji habari za kichujio chenyewe, kwa sababu kichujio ndicho kinachopigwa picha siku ya uzinduzi. Mimi nitasema juu ya siku ya 125.

Hesabu yake ni hii. Tuchukue ndoo yenye kilo 10 za mkaa wa mifupa. Kwa makadirio ya tahadhari, gramu moja ya mkaa huo ishike miligramu moja ya floraidi kabla ya kushiba. Maji ya kisima yawe na miligramu 5.5 za floraidi kwa kila lita, nasi tunataka yashuke hadi 1.5, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Basi kila lita inauachia mkaa miligramu 4. Kilo 10 zitahimili lita 2,500. Nyumba inayotumia mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku, kwa kunywa na kupika, itamaliza nguvu ya ndoo ile katika siku 125, yaani miezi minne na siku chache.

Siku ya 126 mama anamimina maji kama jana. Mkaa ni mweusi vilevile, maji yanatoka meupe, hayanuki, na ladha haijabadilika. Floraidi haina rangi wala harufu. Mama hana njia ya kujua kwamba kilichobaki kwenye ndoo ni changarawe nyeusi tu, na watoto wanaendelea kunywa kwa imani. Nimeshaona ndoo ya namna hii katika shule moja ambayo sitaitaja. Ilikuwa safi, imefunikwa kitambaa, imewekwa mahali pa heshima, na mkaa wake haukuwa umebadilishwa tangu iletwe. Walimu waliokuwa wakiitunza kwa bidii yote hiyo hawakuwa na kosa. Hakuna aliyewaambia mkaa huchoka, wala hapakuwa na mahali pa kuupeleka.

Ndiyo maana nasema kituo cha kufufua mkaa kitangulie, ndoo zifuate.

Kuhusu ugonjwa unaoletwa na floraidi sitakaa sana, maana dada wa afya atauzungumzia kesho. Mtoto akinywa floraidi nyingi katika miaka minane ya kwanza, meno yanapojijenga, yataota yakiwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa mswaki. Ikizidi, tena kwa miaka mingi, huingia mifupani, viungo vikakakamaa na miguu ikapinda. Bonde la Ufa ndilo linalojulikana zaidi kwa shida hii: Ziwa Nakuru na Ziwa Elementaita yamepimwa na kukutwa na floraidi ya zaidi ya miligramu elfu moja kwa lita. Lakini miamba ya volkano haikuishia huko. Upande wetu huu wa Makindu, chini ya vilima vya Chyulu, tatizo hili linajulikana. Kuchemsha maji hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi inabaki sufuriani, ikiwa nzito zaidi. Tena tukumbuke magadi tunayotia kwenye isyo na muthokoi ili viive haraka. Magadi nayo huwa na floraidi yake.

Nakiri pia, kabla hatujafika kwenye mitambo, kwamba maji ya mchangani yanayokusanywa na mabwawa yetu ya mchanga, na maji ya mvua ya paa la mabati, kwa kawaida huwa na floraidi kidogo kuliko ya kisima kirefu. Anayeweza kunywa hayo na kuacha ya kisima kwa mifugo na kufulia hahitaji mkaa wangu. Mkaa ni wa yule ambaye mwezi wa tisa mto umekauka, tangi limekauka, na kilichobaki ni pampu.

Sasa mkaa. Mfupa kwa sehemu kubwa ni madini ya kalisi na fosfeti. Ukiuchoma ndani ya chombo kilichofungwa hewa isiingie, kwa joto la nyuzi 400 hadi 500 hivi, mafuta na nyama huondoka, hubaki punje nyeusi yenye vitundu visivyohesabika. Ukitoka wa kahawia haukuiva, na maji yake yatanuka. Ukitoka mweupe au wa kijivu umeungua kupita kiasi, na nguvu yake imeshuka. Kenya kazi hii imefanywa kwa muda mrefu na Dayosisi Katoliki ya Nakuru, iliyoianza mwaka 1998 na baadaye ikashirikiana na taasisi ya maji ya Uswisi iitwayo Eawag. Mifupa hukusanywa machinjioni na kwenye bucha, ikachomwa, ikasagwa na kuchekechwa. Tanzania, kituo cha Ngurdoto karibu na Arusha kimefanya utafiti wa mambo haya miaka mingi. Tuna majirani wa kuuliza.

Mkaa hushikaje floraidi? Fikirini matatu ya kutoka Wote. Viti vyote vimekaliwa na abiria wa asili wa mfupa, tuwaite haidroksili. Floraidi anapanda, anamwambia haidroksili ashuke, anakaa yeye. Kiti kwa kiti, hadi gari likajaa floraidi. Kuanzia hapo gari linapita stendi bila kumchukua mtu. Kufufua mkaa ni kumshusha floraidi. Njia za kumshusha ni mbili, na hapa ndipo nataka tuelewane vizuri, maana pesa nyingi zinaweza kupotea.

Njia ya kwanza ni moto, na ndiyo iliyozaa mitambo mikubwa. Tangu miaka ya 1810 huko Ufaransa, kisha Ulaya nzima, viwanda vya kusafisha sukari vilimimina shira ya kahawia juu ya mkaa wa mifupa ikatoka nyeupe. Mkaa ukichoka waliuosha kwa maji ya moto kuondoa utamu, wakaukausha, wakaurudisha tanurini. Tanuri la zamani lilikuwa safu za mabomba ya chuma yaliyosimama wima, moto ukiwaka katikati yake. Mkaa uliingia juu kwa uzito wake mwenyewe, ukashuka polepole ukipikwa, ukafika sehemu ya chini iliyo baridi ambako mabomba yalikuwa nje ya moto, na mfanyakazi akawa anafungua kilango na kutoa kiasi kidogo kila baada ya muda. Baadaye likaja tanuri la mzunguko: pipa refu la chuma lililolala kwa mwinamo kidogo, likizungushwa taratibu na mota, moto ukiwa nje yake. Mkaa unaingia upande wa juu, unajigeuzageuza kama mahindi kwenye kikaango, unatoka upande wa chini na kupita moja kwa moja kwenye bomba la kupoozea linalozungukwa na maji. Tanuri mnaloonyeshwa leo na wauzaji wa mitambo ni mjukuu wa hilo.

Siri ya tanuri lolote kati ya hayo iko kwenye kutoka. Niliwahi kujaribu na vijana wawili, kwa pipa la mafuta lililowekwa ndani ya pipa kubwa zaidi. Tulichoma tangu asubuhi. Jioni moto ulikuwa umezimika, pipa kwa nje unaweza kulishika, nasi tukawa na haraka ya kuona kazi yetu. Tulipofungua kifuniko, mkaa ulikuwa mweusi tititi, mzuri wa kupendeza. Tukasimama tukiutazama. Kisha katikati kukatokea wekundu kama sigara, ukatambaa kimyakimya kutoka punje hadi punje, na kila ulipopita uliacha weupe. Hewa ilikuwa imeukuta mkaa ungali moto ndani. Hadi tunapata mchanga wa kuufunika, karibu nusu ilikuwa jivu la mfupa. Ndiyo maana nikiangalia tanuri la kuuzwa huanza na mwisho wake: mkaa unapoozwa vipi, na mlango wa kutokea unazuia hewa kwa namna gani. Kama muuzaji hana jibu la hayo mawili, asiendelee.

Lakini hata tanuri zuri lina swali la kujibu kwetu. Uchafu wa sukari ni rangi za mimea. Moto huziunguza, zikawa gesi na kaboni, mkaa ukapona. Floraidi haiungui. Kwa nyuzi 500 haigeuki moshi, imefungwa ndani ya madini ya mfupa. Mtafiti M. E. Kaseva wa Dar es Salaam alichapisha mwaka 2006 utafiti wa kufufua mkaa wa mifupa kwa moto, na nyuzi 500 ndizo zilizompa matokeo bora, mkaa uliofufuliwa ukiondoa takribani asilimia 70 ya floraidi. Matokeo hayo si haba, na nayaheshimu. Moto husafisha uso wa punje na kufungua vitundu vilivyozibwa. Lakini abiria wetu hajashuka. Amesogezwa viti vya nyuma tu, na kwa maoni yangu kila mara tunaporudia, nafasi ya nyuma inapungua.

Njia ya pili ni maji ya kostiki soda, kiasi cha asilimia moja. Kostiki soda imejaa haidroksili. Wakija wengi namna ile stendi, floraidi hushuka, nao hurudi kwenye viti vyao vya asili. Nakuru walifuata njia hii. Mtambo wake hauna makeke: matangi matatu, pampu ndogo na mabomba. Mkaa unawekwa kwenye tangi lenye chujio chini, maji ya soda yanapandishwa polepole kutoka chini kwenda juu ili yafike kila punje, kisha unasuuzwa kwa maji safi, kisha ukali wa soda unaokuwa umebaki unaondolewa kwa asidi hafifu au kwa hewa ya kaboni. Mkaa hauondoki kituoni mpaka maji yanayopita juu yake yapimwe na kukutwa hayana ukali.

Hapa nina neno kwa mafundi wetu wa jua kali, ambao ndio nataka watengeneze matangi haya. Msitumie mabati, wala aluminiamu. Kostiki soda hula zinki na aluminiamu, na katika kuzila hutoa gesi inayoshika moto. Tumieni plastiki nzito ya matangi ya maji, au chuma cheusi cha kuchomelea. Vali za shaba nyeupe pia muziepuke. Miwani na glavu ziwe za kila siku, na ndoo ya maji safi ikae karibu, kwa sababu tone la soda jichoni halingoji gari la hospitali.

Kuna jambo linalonikosesha usingizi zaidi ya hilo. Floraidi tuliyoishusha imeenda wapi? Imo kwenye yale maji ya soda, sasa ikiwa nyingi kuliko ilivyokuwa kisimani. Tukiyamwaga korongoni yataingia mchangani, na mchangani ndiko wenzetu wa chini wanakochimba maji ya kunywa. Kwa hiyo tangi la tatu ni la lazima: maji hayo yatiwe chumvi ya kalisi, floraidi igande na kuzama kama tope jeupe, tope likaushwe kwenye shimo lililosakafiwa, na NEMA, mamlaka ya mazingira, waombwe kibali kabla ya jiwe la msingi. Muuzaji akikuletea bei isiyo na tangi la tatu, amekuuzia nusu ya mtambo na kuwaachia majirani nusu nyingine.

Basi ninachopendekeza kwa Kalamba ni tanuri moja dogo la kutengeneza mkaa mpya, na matangi ya soda ya kufufua wa zamani, mahali pamoja. Tusinunue tanuri kubwa la mzunguko la kufufulia, hata likija kwa mkopo nafuu. Kwamba mji wetu unaweza kubeba kiwanda hakuna haja ya kubishana. Kiwanda cha kusindika matunda kimekuwa hapa tangu 2017, na vijana wetu wanajua mota, pampu na usafi wa mitambo. Kokwa za embe zikikaushwa zinaweza kuwa kuni za tanuri, nami naomba zijaribiwe.

Mifupa itoke kwa wachinjaji wanaokaguliwa tu. Sitaki mfupa wa kuokota porini. Ng'ombe akifa kwa kimeta, anayebeba mfupa wake yumo hatarini muda mrefu kabla ya mfupa kufika motoni. Na watu watauliza, kwa haki kabisa, kama kuna mfupa wa mbwa, au wa nguruwe kwa ndugu zetu Waislamu. Jibu lipatikane kwenye daftari la mapokezi: bucha gani, siku gani, mnyama gani.

Ugawaji uwe kama wa mtungi wa gesi. Mtu haji kungoja mkaa wake ufufuliwe. Analeta mfuko uliochoka, anapewa uliofufuliwa, anarudi nyumbani. Kila mfuko uwe na namba, na namba iwe na tarehe ya kutoka, kisima kinachochujwa na kipimo chake cha floraidi, maana siku 125 ni za kisima cha 5.5 tu. Kisima cha 3 kitadumu zaidi ya mara mbili ya hapo, cha 8 hakifiki miezi mitatu. Kijana wa kituo atazame daftari kila Jumatatu na kuwapigia simu wale ambao siku zao zinakaribia. Kipimo cha floraidi, daftari na simu hiyo vinunuliwe na kamati kabla ya ndoo ya kwanza kugawiwa.