Nchi Jirani: Simu ya Daktari na Kizuizi cha Barabarani

Mwezi Machi 2020 Serikali ya Uganda ilipiga marufuku usafiri wa umma, kisha magari ya binafsi, ili kuzuia UVIKO-19 usienee. Amri hiyo ilikuwa na sababu. Lakini kwa watu wapatao 1,400,000 nchini humo waliokuwa wakiishi na virusi vya UKIMWI wakati huo, dawa isiyokatizwa ndiyo uhai wenyewe.

Hapo simu ikashika nafasi ya safari. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ya Makerere ilikwisha kuwa na mtambo unaompigia mgonjwa, kumkumbusha dawa na kupokea maelezo ya hali yake, naye akitumia namba ya siri. Hata hivyo, simu haibebi vidonge wala haipimi damu; na alalaye chumba kimoja na jamaa wasiojua hali yake hawezi kusema kwa uhuru.

Basi wengine hawakuwa na budi kutoka, na barabarani wakakutana na askari. Funzo kwa walinzi wa usalama ni bayana: kibali kikaguliwe, lakini siri ya mgonjwa ni amana. Asilazimishwe kuutangaza ugonjwa wake hadharani ndipo aruhusiwe kuifuata dawa.