Mchanga Mwekundu wa Gozo

(Maneno ya mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wazazi)



Nimeombwa niwaeleze habari za pwani moja iliyo mbali sana na kwetu, ambayo mimi na mama watoto na watoto wetu wawili tulijaliwa kuizuru katika mwezi wa Septemba. Wengi wenu ni watu wa bara, na huenda mkasema moyoni, "Bahari ya ng'ambo yatuhusu nini?" Naomba mnistahimilie kidogo, kwa maana jina la mahali penyewe si geni kama mnavyodhani.

Pwani hiyo yaitwa Ramla l-Ħamra, nayo iko katika kisiwa cha Gozo, kisiwa cha pili kwa ukubwa katika nchi ya Malta, kusini ya Sisilia katika Bahari ya Mediterania. Lugha ya wenyeji, Kimalta, asili yake ni Kiarabu, ijapokuwa huandikwa kwa herufi za Kirumi na imejaa maneno ya Kiitalia. Ramla ni mchanga, na ħamra ni nyekundu. Ndilo neno lile lile la Kiarabu lililotupa sisi "ramli", kwa kuwa wapiga ramli wa kale walichora alama zao mchangani. Bahari wao huiita baħar, na fedha huziita flus, kama wazee wetu wa pwani walivyosema fulusi. Siku ya kwanza, mchuuzi mmoja wa matunda alipokuwa akihesabu, mwanangu mkubwa alinivuta mkono akaninong'oneza, "Baba, huyu amesema sita na saba!" Naam, alikuwa amesema.

Kutoka Malta mtu huvuka kwa feri kwa muda wa dakika 25 hivi. Gozo ni kisiwa kidogo, urefu wake hauzidi maili 9, na basi hukufikisha karibu kabisa na mchanga. Pwani yenyewe imelala kati ya vilima viwili. Juu ya kimoja kuna mji wa Xagħra, na juu ya cha pili mji wa Nadur. Mchanga ni laini, na rangi yake ni kama tofali lililochomwa vizuri. Hakuna hoteli. Nyuma ya mchanga kuna vichuguu vilivyoota majani na matete, ambavyo mtu hana ruhusa ya kuvikanyaga, na nyuma yake tena ni mashamba ya wakulima. Mwaka 2007 kilitolewa kibali cha kujenga nyumba za fahari juu ya pwani hiyo. Watu wakapiga kelele, na mwaka ule ule kibali kikafutwa. Kwa hiyo mzazi aketipo pale husikia sauti za watoto na mawimbi, basi.

Lakini zamani mzazi wa Gozo hakuthubutu kuketi pale kwa raha. Katika mwezi wa Julai 1551 merikebu za Waturuki zilikishambulia kisiwa, na watu wapatao 5,000, yaani karibu wenyeji wote, wakachukuliwa utumwani hata Tripoli. Sisi tulio na hadithi za misafara ya watumwa kutoka bara hata pwani hatuhitaji kuelezwa zaidi. Fikirini basi: majabali humzuia adui, bali mchanga laini humkaribisha, maana mashua yaweza kupanda juu bila kuvunjika. Pwani iliyo nzuri kwa mtoto ilikuwa nzuri vile vile kwa mshika watumwa.

Kwa sababu hiyo wale watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, waliotawala Malta tangu 1530 hadi 1798, walijenga ukuta chini ya maji katika ghuba hiyo ya Ramla, ili mashua za adui zikwame kabla ya kufika mchangani. Tena waliwachongesha watu shimo katika mwamba ulio kando, pana kama kisima, lakini limeinama kuelekea baharini. Lilikusudiwa kujazwa baruti chini na mawe juu, ili likiwashwa liwamwagie adui mvua ya mawe. Shimo hilo lipo hata leo. Wanangu waliniuliza kazi yake, nami nikawaambia kweli, kisha wakarudi kuchimba mashimo yao wenyewe.

Sasa niseme juu ya maji, kwa kuwa hapo ndipo nilipokaribia kukosea. Kwetu Mombasa bahari hupwa na kujaa, na wakati wa bamvua tofauti yake hupita futi 10. Kule tofauti haifiki hata futi moja. Siku ya kwanza bahari ilitulia kama maji ya beseni, mtoto akatembea mbali na maji yasipite kiuno chake. Nikajiambia kwamba bahari hii haina hila. Siku ya pili ukavuma upepo wa kaskazini, na mlinzi akatweka bendera nyekundu. Mimi sikuona mawimbi makubwa ya kutisha, nikataka kumruhusu mdogo aoge ukingoni. Mama yake akakataa katakata. Mlinzi alipotuona tunabishana alikuja akatueleza kwa upole kwamba ghuba ile imefunguka upande wa kaskazini, na upepo ukisukuma maji ndani, maji hutafuta njia ya kurudi, yakafanya mkondo umvutao hata mtu mzima aliye hodari. Akaniambia kwamba mtu akishikwa na mkondo huo asishindane nao. Aogelee kando, sambamba na pwani, mpaka atoke, ndipo arudi nchi kavu. Kwetu matumbawe huyavunja mawimbi mbali, nasi twasahau fadhili hiyo. Pale hakuna matumbawe. Nilimshukuru mlinzi, na baadaye, kwa sauti ya chini, nikamshukuru mama watoto.

Atakaye utulivu asiende Julai wala Agosti, wakati watu ni wengi. Katika Septemba na mwanzo wa Oktoba maji yangali na joto na mchanga una nafasi. Mwezi wa Mei pia ni kimya, ila maji ni baridi kwa mtu aliyezoea Bahari ya Hindi. Mti wa kivuli mchangani hakuna, chukueni mwavuli. Na jihadharini na konyeza, ambao siku nyingine huletwa na upepo, nao huwasha kama moto.

Mkifika kwenye feri kwenda Gozo msishangae mkiona hakuna anayewadai nauli. Hulipwa wakati wa kurudi. Wekeni basi akiba ya flus mfukoni.